Raspberry Pi, kijisanduku cha N100, kompyuta ya mtumba au ASIAIR: ipi iendeshe darubini yako ukiwa Nairobi?

Kutoka paa la ghorofa letu hapa Kasarani, ncha ya mbingu ya kusini, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, iko digrii moja na robo hivi juu ya upeo, yaani nyuma ya tangi la maji la jirani. Ile ya kaskazini, yenye nyota ya Polaris ambayo video zote za mafunzo huanza nayo, imezama chini ya upeo kwa kiasi hichohicho. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, na jambo hilo peke yake linapindua ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kompyuta ya kuendeshea darubini. Mpiga picha wa Ujerumani anachungulia kitundu cha stendi yake, anaiona Polaris, anakaza skrubu, basi. Kwake kompyuta yoyote inatosha. Sisi hatuna cha kuchungulia, kwa hiyo kompyuta ndiyo inayotutafutia ncha.

Naandika haya kwa ajili ya shemeji yangu, aliyekwisha kununua stendi yenye mota na kamera, na sasa kila Jumapili baada ya chakula ananiuliza anunue kompyuta gani ya Linux ya kufunga chini ya darubini. Aina tatu kati ya nne nitakazolinganisha ninazo au nimewahi kuwa nazo. Ya nne, ASIAIR, kijisanduku cha kampuni ya ZWO kinachoendeshwa kwa simu, nimeitumia usiku kadhaa kwa hisani ya rafiki.

Kinachofanana

Ukichagua Raspberry Pi (kompyuta ya bodi moja ndogo), kijisanduku cha N100 (kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel) au mtumba, programu ni zilezile. INDI ni seva inayoongea na vifaa: stendi, kamera, mota ya fokasi, gurudumu la vichujio. Ekos, iliyo ndani ya KStars ya mradi wa KDE, ndiyo yenye ratiba ya usiku: piga hiki, kisha kile, rekebisha fokasi, geuza darubini ikivuka katikati ya anga. Zote ni za bure. ASIAIR nayo ndani ni Linux, ila imefungwa kwa ufunguo wa kiwanda.

INDI husikiliza kwenye mlango 7624, kwa hiyo kompyuta iliyo kwenye darubini na ile unayoitazama si lazima iwe moja. Wengi huanza kwa kuweka INDI tu kwenye kompyuta ndogo na Ekos kwenye laptopu ndani ya gari. Unaona raha mpaka Wi-Fi ikatike saa saba usiku. Ekos ikipoteza seva, kazi imesimama, na wewe umelala. Weka vyote viwili kwenye kompyuta ya darubini, kisha ingia kwa VNC, njia ya kuitazama skrini yake kutoka mbali, kwa simu au tableti. Ukizima simu, picha zinaendelea. Lakini kwa mpangilio huu prosesa inapata kazi ya kweli, maana seva ya INDI peke yake hata Pi ya zamani inaibeba.

Ncha usiyoiona

Stendi ya ikweta isipoelekezwa kwenye ncha ya mbingu, nyota huchora michirizi. Ekos ina msaidizi wa kazi hiyo: inapiga picha tatu popote angani panapoonekana, stendi ikizunguka kidogo baada ya kila picha. Programu inalinganisha picha na orodha ya nyota, inakokotoa mhimili umeelekea wapi hasa, kisha inakuonyesha ukaze skrubu ipi na kwa kiasi gani. Unakaza, inapiga tena, inakokotoa tena, mpaka kosa lishuke.

Hapo ndipo utaihisi tofauti ya mashine. Kwenye Pi 4 yangu nasubiri sekunde kadhaa kati ya kugusa skrubu na kuona matokeo, na kufikia hapo nimeshasahau nilizungusha upande gani. Kwenye N100 jibu linafika kabla sijainua kichwa. Pi 5 iko katikati, karibu zaidi na N100. ASIAIR za mwanzo zilitaka uelekeze darubini karibu na ncha, jambo lililokuwa mzaha kwetu. Siku hizi nayo ina njia ya kutumia sehemu yoyote ya anga, na inafanya kazi vizuri.

Kulinganisha huko kunahitaji faili za index za nyota. Zipakue ukiwa mjini kwenye Wi-Fi ya maana. Ni mamia ya megabaiti, na ukichukua seti yote ni gigabaiti nyingi. Ukiyakumbuka hayo ukiwa barabara ya Magadi na bando la simu, umechelewa.

(Kabla hujanunua stendi, uliza inashuka hadi latitudo ngapi. EQ6-R ya Sky-Watcher imewekewa kikomo cha digrii 5, kwa hiyo hapa huna budi kuinamisha miguu: mguu wa kusini mfupi, ile ya kaskazini mirefu au juu ya vipande vya mbao. AM5 ya ZWO inashuka hadi sifuri. Shemeji ana ya kwanza. Mbao tunazo.)

Kosa ambalo lilinigharimu usiku mzima halikuhusu mashine hata kidogo. Ilikuwa Januari, tuko Olorgesailie, mbingu safi kama iliyofuliwa. Nilikuwa nimeweka mfumo upya, nikaandika latitudo 1.29 bila alama ya kutoa. Kwenye ramani ni tofauti ya digrii mbili na nusu, kama kutoka Nairobi kwenda kaskazini mwa Isiolo, lakini kwa stendi ni tofauti ya nusutufe. Programu iliamini tuko kaskazini, ikaizungusha mota kinyume, na kila nyota ikakimbia mara mbili ya mwendo wake. Nilikagua waya, nikabadilisha kamera ya kuongozea (ile ndogo inayofuatilia nyota ili kurekebisha mwendo wa stendi), nikalaumu gia. Alama ya kutoa niliiona alfajiri, tukiwa tunakunja miguu. Kwa mtu wa London kosa kama hilo lingeelekeza darubini ardhini, akajua papo hapo. Hapa ikweta inakuficha.

Raspberry Pi

Pi 4 ilitoka Juni 2019, Pi 5 ikaanza kuuzwa Oktoba 2023. Uzuri wake ni udogo: unaifunga juu ya mrija wa darubini, waya zinakuwa fupi, hakuna kinachovutwa darubini ikigeuka. Pi 4 hula takriban wati 5. Kama kamera yako ni Canon ya mtumba na stendi ni ndogo ya kubebea mgongoni, sioni sababu ya kutafuta kingine.

Mfumo? StellarMate ni wa kulipia na umepangwa vizuri. AstroArch ni wa bure, na uko hai. Astroberry 2 inasifiwa katika maelezo mengi ya zamani, lakini ilijengwa juu ya Raspbian Buster na haikutengenezwa kwa ajili ya Pi 5, kwa hiyo usianze nayo leo.

Kasoro yake ya kwanza ni umeme. Pi ikipata chini ya volti 4.63 huanza kulalamika, kisha USB zinakatika moja moja, na utalaumu kamera. Vichaja vya gari vinavyouzwa kwenye taa za barabarani huandikwa ampea 3 na kutoa wanavyojisikia. Nunua konvata ya maana ya volti 12 kwenda 5, tumia waya nene na fupi, kisha andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa 0x0, umeme wako ni mzima. Pi 5 ni mgumu zaidi kuulisha, kwani unataka volti 5 kwa ampea 5, na chaja za USB-C za kawaida hutoa ampea 3 tu kwa volti hizo. Ikipata 3, inabana USB zote kwa pamoja zisivute zaidi ya miliampea 600, na kamera mbili na fokasi zitakufa njaa. Njia nzuri ni habu ya USB yenye umeme wake wa volti 12.

Kasoro ya pili ni saa. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, na stendi hujua mahali pa nyota kwa kuangalia saa ya kompyuta. Pi 4 haina saa ya ndani inayoendelea ikizimwa. Ukiizima saa kumi na moja jioni mjini na kuiwasha saa mbili usiku porini pasipo intaneti, itadhani bado ni saa kumi na moja, na darubini itaelekea digrii 45 kando. Kimoduli cha saa cha DS3231 kutoka maduka ya Luthuli kinaponya hilo, au GPS ya USB, ambayo inaleta saa na mahali kwa pamoja (pamoja na ile alama ya kutoa!). Pi 5 inayo saa, lakini kibetri chake unanunua mwenyewe. Usishangae pia ukikuta picha uliyopiga saa mbili usiku imeandikwa 17:00 ndani ya faili. Faili za FITS, muundo wa picha za anga, hutumia saa ya dunia (UTC), iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na haijui habari ya saa za Kiswahili.

Ya tatu ni kadi ya kumbukumbu. Stima ilipotea mtaani kwetu wakati Pi inaandika picha, na kadi haikuwaka tena. Tangu siku hiyo natumia SSD ya USB, na Pi inakula betri hata nikiwa nyumbani.

Wi-Fi ya Pi 4 nayo huvurugwa na vifaa vya USB 3 vilivyochomekwa karibu, hasa kwenye masafa ya 2.4 GHz. Hamia 5 GHz, mambo yanatulia.

Pi 5 ilipotoka ilitangazwa kwa dola 60 na 80 kutegemea kumbukumbu. Hiyo ni bodi tupu. Ongeza kasha, feni, konvata, SSD, habu, kibetri cha saa, na VAT ya asilimia 16 ukiagiza nje, kisha uangalie bei ya kijisanduku cha N100. Mimi nilifanya hesabu hiyo baada ya kununua.

Kijisanduku cha N100

N100 ni prosesa ya Intel ya mwaka 2023, viini vinne, iliyopangiwa wati 6. Visanduku vinavyoitumia vina ukubwa wa kiganja, huja na SSD, kumbukumbu ya kutosha, saa ya ndani na USB za kutosha. Unaweka Ubuntu kama kwenye kompyuta nyingine yoyote, unaongeza hazina ya `ppa:mutlaqja/ppa`, unasakinisha `indi-full` na `kstars-bleeding`, umemaliza. Vingi huja na Windows tayari. Ukiiacha kando ya Linux, unabaki na N.I.N.A. kama akiba, programu nzuri ya kupiga picha za anga ambayo kwenye Pi huipati.

Na mapenzi yangu yote kwa Pi, hiki ndicho ninachokifunga kwenye darubini sasa.

Angalia volti tu. Vingi vimeandikwa 12, lakini betri ya lithiamu iliyotoka kwenye chaji inaweza kupita 14, na si kila bodi inavumilia. Weka konvata inayopandisha na kushusha ili kitoke 12 kamili. Kisha ingia kwenye BIOS uiambie iwake yenyewe umeme ukirudi, maana kitufe chake huwa kimejificha upande wa waya, nawe hutaki kupapasa gizani.

Mtumba kutoka Uingereza

Katikati ya mji utapata laptopu za ThinkPad na zile kompyuta bapa za ofisi, ThinkCentre Tiny au EliteDesk, kwa bei ya kuvutia. Kwa nguvu hazina neno, na fundi wa kuzirekebisha yuko kila jengo.

Laptopu ndiyo ningempa anayeanza asiye na hela ya ziada. Ina skrini, kibodi na betri yake, na pengine tayari unayo. Izuie isilale ukifunga kifuniko kwa kuandika `HandleLidSwitch=ignore` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`. Ubaya ni umande. Limuru au Ngong, kufikia saa nane usiku kibodi imeloa, na mwanga wa skrini unawaudhi wenzako hata ukiipaka nyekundu.

Kompyuta bapa za ofisi ni za paa la nyumbani tu. Zinataka volti 19 au 20, kwa hiyo kwenye betri unahitaji konvata ya kupandisha, na hula mara mbili au tatu ya Pi.

ASIAIR

Kama kamera, fokasi na vichujio vyote ni vya ZWO na hutaki kuona mstari hata mmoja wa amri, nunua, usonge mbele. Inafanya kazi kwa simu, inaingia volti 12, na rafiki yangu hupiga picha ya kwanza nikiwa bado natafuta waya. Lakini kamera ya kuangalia nyota ya kampuni nyingine haitambui. Shemeji ana kamera ya QHY, kwa hiyo kwake mjadala uliishia hapo.

Betri inasemaje

Watu hubishana juu ya wati za kompyuta kana kwamba ndizo zinazomaliza betri. Hesabu za stendi kubwa ni hizi: stendi wati 10, kamera ya kupozwa 20 kwa wastani, mkanda wa kuzuia umande 8, kamera ya kuongozea 2. Jumla 40 kabla ya kompyuta. Weka Pi ya wati 5, usiku wa saa nane ni wati-saa 360. Weka N100 ya wati 10, ni 400. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 50 ina takriban 640, inabeba zote. Ile ya asidi ya ukubwa huohuo usiishushe chini ya nusu, nayo haitabeba yoyote.

Mambo yanageuka kwa mwenye Canon na stendi ndogo. Kila kitu kinakula wati 10, hivyo kompyuta bapa ya wati 18 inakaribia kuzidisha mzigo mara tatu, na Pi inakuwa mfalme.

| | Pi 4 / Pi 5 | N100 | Mtumba | ASIAIR |
|---|---|---|---|---|
| Wati, takriban | 4–10 | 6–15 | 10–25 | karibu na Pi |
| Volti | 5 | 12 mara nyingi | 19–20 | 12 |
| Saa ya ndani | Pi 4 haina | ipo | ipo | hupewa na simu |
| Vifaa vya kampuni yoyote | ndiyo | ndiyo | ndiyo | hapana |

Mitego miwili ya Linux

Ukijitengenezea fokasi kwa bodi ya Arduino ya bei nafuu, mara nyingi ina chipu ya CH340. Ubuntu 22.04 ina programu ya `brltty`, ya mashine za maandishi ya wasioona, inayodhani chipu hiyo ni yake na kuinyakua. Fokasi inaonekana sekunde moja, inapotea. Kama huihitaji, ondoa `brltty`, na ujiweke kwenye kundi la `dialout`, lenye ruhusa ya kutumia milango ya aina hiyo. Mwenye Canon naye atakuta kamera "inatumika" ilhali hajaigusa. Ni `gvfs-gphoto2-volume-monitor` imeishika ikidhani unataka kuona picha za harusi. Izime.

Nafasi ya kuhifadhi usiisahau pia. Kamera ya megapikseli 26 hutoa faili ya MB 52 kila picha. Kwa picha za dakika tatu ni kama gigabaiti moja kwa saa.

Nilichomwambia shemeji

Anakaa Embakasi, ana gari, atapiga picha porini mara mbili kwa mwezi na kwenye paa siku nyingine. Achukue N100. Kama angekuwa anapanda matatu na begi mgongoni, ningemwambia Pi 4, SSD na DS3231, asiitamani Pi 5.

Nilimwambia pia asilipe bado. KStars inakuja na wasifu wa vifaa vya kuigiza: stendi ya uongo, kamera ya uongo, nyota za uongo zinazokaa mahali pa kweli. Aiweke kwenye laptopu ya ofisini kwake, achague Nairobi kwenye orodha ya miji, ajifunze kuoanisha ncha na kupiga M42, lile wingu la gesi katika kundinyota la Jabari, ambayo kwetu hupita karibu kabisa na utosi. Mvua za vuli bado zinanyesha. Juzi amenitumia picha ya skrini saa sita usiku: latitudo ameandika 1.29.